Silaha za Kilwa katika Mchezo wa Vita: Umbo, Jina na Zama

Huenda wasomaji wa jarida hili wakastaajabu kuona makala juu ya mchezo wa kompyuta katika kurasa zilizozoea habari za sarufi, lahaja na hati za kale. Mimi nilistaajabu kabla yao. Nilikuwa likizoni nyumbani Shangani, Mtwara, nikikusudia kupitia maandiko yangu juu ya Kimgao, yaani Kiswahili cha pwani ya kusini, alipokuja mpwa wangu, kijana wa miaka 19. Akaniamkia, akakaa, kisha akaniuliza: “Mjomba, askari wa Kilwa ya zamani alishika nini mkononi?” Nikamjibu upesi, kama ajibuvyo mtu asiyefikiri, kwamba alishika upanga na kuvaa jambia. “Upanga gani, Mjomba? Ulionyooka au uliopinda? Mpini wake una kinga ya vidole au hauna? Ala yake ya ngozi au ya mti?” Nikanyamaza. Shahada yangu ya udaktari niliipata ng'ambo kwa kazi ya maneno ya Kiswahili, na majina ya silaha nayajua mengi kuliko kijana huyo. Lakini sikuweza kumchorea hata moja.

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi silaha inavyoumbwa na kutiwa katika mchezo wa namna hiyo, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo wazee wengi huiona kuwa ni upotevu wa wakati, yaitaka elimu ya maneno ijibu maswali ambayo kamusi zetu hazijazoea kuulizwa.

Mchezo wenyewe waitwa Medieval II: Total War. Ulitengenezwa na kampuni ya Creative Assembly ya Horsham, Uingereza, ukatolewa mwaka 2006. Mchezaji hutawala dola moja ya zama za kati tangu mwaka 1080 mpaka 1530. Hujenga miji, hutuma wajumbe, hutoza kodi. Na vita vinapotokea, majeshi huonekana uwanjani askari kwa askari, kila mmoja na silaha yake. Upande wa kusini ramani ya mchezo yafika Timbuktu, lakini haifiki pwani yetu. Kilwa haimo, Sofala haimo, wala Mombasa. Upo mchezo mwingine wa mwaka 2013, Europa Universalis IV wa kampuni ya Paradox ya Stockholm, ambamo mtu aweza kuitawala Kilwa; lakini humo mapigano ni hesabu zaidi kuliko picha, na swali la mpwa wangu lisingezuka. Yeye alitaka kumwona askari wa Kilwa amesimama mbele ya macho yake. Kwa kuwa watengenezaji hawakumweka, aliamua kumweka mwenyewe.

Kuufungua mchezo na kuubadili namna hiyo vijana hukuita kumodi, na kilichobadilishwa hukiita modi. Sina ugomvi na neno hilo. Limeingia kwa mlango uleule walioingilia meza na kasha, nalo lanyambulika vizuri: linamodiwa, limemodika. Ugomvi wangu ni juu ya maneno mengine, nami nitayafikia.

Askari wa mchezo huu ni sanamu tupu iliyoundwa kwa pembetatu ndogo ndogo zilizounganishwa kingo kwa kingo, kama jarife lililonyoshwa juu ya kitu. Mkuki waweza kuundwa kwa pembetatu chache sana. Ngao ya mviringo yataka nyingi zaidi, la sivyo kingo zake zitaonekana kama za sanduku. Askari mmoja ana sanamu nne: moja nzuri ya kuonekana karibu, na tatu zinazozidi kuwa hafifu kadiri anavyokwenda mbali, ili mashine isilemewe na jeshi zima. Juu ya sanamu hutandazwa picha, nayo ndiyo impayo rangi, mikunjo ya nguo na kutu ya chuma. Ndani yake mna kiunzi cha mifupa, na kila sehemu ya mwili imefungwa kwenye mfupa wake. Silaha hufungwa upande wa mkono. Mfupa ukigeuka, silaha hugeuka pamoja nao.

Jambo lililonivutia ni kwamba mwili na silaha havikuwekwa pamoja. Picha ya mwili na nguo ni moja, na picha ya silaha na ngao ni nyingine, katika faili lake. Hivyo askari mmoja aweza kuvuliwa silaha zote na kupewa nyingine bila kuguswa uso. Katika sanamu yenyewe kila silaha ni kundi lenye jina lake: lipo la silaha ya kwanza inapokuwa mkononi, na lipo la silaha ya pili. Jina likikosewa, mchezo hautambui kwamba kitu hicho ni silaha, na askari huenda vitani ameng'ang'ania mkuki na upanga kwa pamoja.

Baada ya sanamu yaja maandishi. Liko faili moja la maandishi matupu, linaloweza kusomwa na yeyote, ambamo sanamu zote za askari zimeorodheshwa. Na katika faili hilo kila jina hutanguliwa na hesabu ya herufi zake. Mtu akitaka kuandika mkuki, sharti atangulize 5. Akiandika upinde, atangulize 6. Akikosea kwa herufi moja mchezo mzima hukataa kufunguka, tena mara nyingi bila kusema kosa liko wapi. Nimefundisha othografia miaka mingi, wala sijapata kuona adhabu kali kama hiyo kwa kosa la tahajia. Mashine, bila shaka, huhesabu alama, haihesabu sauti. Ng' yetu, ambayo kwa sikio la Mswahili ni sauti moja, kwake ni alama tatu. Mpwa wangu alipoteza jioni nzima kwa sababu ya nafasi moja tupu iliyojificha mwishoni mwa jina.

Faili jingine laeleza nguvu za kila kikosi: ukali wa silaha, umbali wa mshale, idadi ya mishale, ugumu wa kinga. Humo upinde wa wakulima hupewa umbali wa 120, na upinde mrefu wa Waingereza 160. Na hapo ndipo kijana yeyote aliyetaka kutengeneza askari wa Kilwa alazimikapo kukata shauri, kwa maana mashine haipokei jibu la “huenda”. Yataka tarakimu.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kukata la kwake. Alinionyesha askari aliyevaa kanzu nyeupe, kilemba, jambia la kupinda mbele ya tumbo, na kitara mkononi. Kazi ilikuwa safi. Nilipomwuliza ameitoa wapi picha hiyo, akanionyesha picha zilizopigwa kwa kamera Unguja katika karne ya 19. Nikaona kosa lake, na papo hapo nikaona kwamba ndilo kosa langu nilipojibu upesi. Tunapoambiwa “Mswahili wa zamani”, macho yetu huenda moja kwa moja kwenye zama za Seyyid Said na wanawe, kana kwamba nyuma yao hapakuwa na zama nyingine. Kati ya picha zile na Kilwa aliyoitaka kijana huyu pana zaidi ya miaka mia tatu.

Kwa bahati njema tunaye shahidi. Mwezi wa Julai mwaka 1505 manowari za Wareno zikiongozwa na Francisco de Almeida ziliingia Kilwa na kuuteka mji. Maelezo ya safari hiyo yanayonasibishwa kwa Mjerumani Hans Mayr yamehifadhiwa, na G. S. P. Freeman-Grenville aliyatoa kwa Kiingereza mwaka 1962 katika mkusanyo wake wa hati za pwani ya Afrika ya Mashariki. Habari za silaha ni sentensi chache tu, lakini zina uzito kuliko picha zote za studio. Mwandishi asema kwamba watu wa Kilwa walitumia pinde na mishale mikubwa. Ngao imara za majani ya mtende zilizofungwa kwa pamba. Na mikuki iliyo bora kuliko ile ya Guinea. Panga zilionekana chache. Walikuwa na mitambo minne ya kurushia mawe, na baruti walikuwa hawajajua kuitumia.

Shahidi huyu alikuwa upande wa adui, naye aliandika mambo ya mji uliokwisha kutekwa, ambao wenye nguvu wake walikuwa wamekimbia. Panga nzuri huenda zilikimbia pamoja na wenyewe. Hilo sharti likumbukwe. Hata hivyo hakuwa na faida yoyote katika kusema kwamba ngao ni za majani. Mtu atakaye kukuza ushindi wake humwongezea adui silaha, hampunguzii.

Nilimsomea mpwa wangu maneno hayo nikiyafasiri. Alisikiliza, kisha akasema, “Basi hana upanga?” Nilimwambia anao, lakini si kila mtu. Hakufurahi.

Hapa mwanaisimu aweza kuitwa awe shahidi wa pili. Tukiyapanga majina ya silaha katika Kiswahili kwa asili zake, tunaona tabaka zilizolaliana kama zile azionazo mchimbaji wa magofu. Tabaka la chini kabisa ni la Kibantu. Humo limo uta, neno la kale la upinde, ambalo wingi wake ni mata na ambalo ushairi wa kaskazini umelihifadhi. Nalo lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu mbali na pwani. Hata neno upinde, lililochukua mahali pake, limezaliwa humu humu ndani kutokana na kitenzi pinda. Limo ngao. Limo fumo, mkuki wenye bapa pana, ambalo ni tunda la kitenzi fuma, yaani kupiga na kupata kwa mkuki au mshale. Limo pia upanga, ingawa katika lugha nyingi za jamaa yetu maana yake ni jisu kubwa la kazi kuliko silaha ya vita.

Juu ya tabaka hilo yamekaa maneno ya Kiarabu: jambia, ambalo asili yake ni neno la ubavu, hanjari, dirii, vazi la chuma la kifuani, na bunduki. Na hapa na pale pamepachikwa ya Wareno. Chapeo, ambayo wasomaji wa Biblia waijua kama kofia ya vita, ni kofia ya Kireno. Gereza, jina walilolipa wenyeji ngome iliyoko Kilwa Kisiwani hata leo, lilikuwa kanisa katika kinywa cha Mreno kabla halijawa ngome, kisha likawa kifungo.

Sasa tuliweke tabaka la chini kando ya maneno ya shahidi wa mwaka 1505. Upinde, ngao, mkuki: ndivyo vitu alivyovitaja kwanza na kwa sifa, na majina yake ndiyo ya asili. Upanga aliuona mchache. Jambia, dirii na chapeo hakuvitaja kabisa.

Napenda kujihadhari hapa, kwa maana ushahidi wa namna hii huponza. Neno la kigeni si dalili kwamba kitu ni kigeni, wala kukosekana kwa neno si dalili ya kukosekana kwa kitu. Pwani hii ilifanya biashara na Bara Arabu tangu zamani mno. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, chataja mikuki iliyofuliwa Muza, bandari ya Yemen, ikiletwa kuuzwa Rhapta, pamoja na mashoka na visu. Yaani mkuki, silaha yenye majina ya Kibantu, ulikuwa ukinunuliwa kwa Waarabu miaka elfu moja na mia nne kabla ya Almeida! Na jambia laweza kuwa lilivaliwa na mtu mkubwa wa Kilwa wakati wowote katika karne hizo. Umbo la neno peke yake halitupi tarehe yake. Nisemalo ni dogo zaidi: mashahidi wawili wasiojuana, mmoja msafiri na mmoja lugha, wote wawili wameweka upinde mbele na upanga nyuma.

Naweza kumwongeza wa tatu, ingawa huyu ni wa hadithi. Shujaa mkuu wa pwani, Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliandika utendi wake mwaka 1913, hakufa na kitara mkononi. Alifia kisimani, amepiga goti, upinde wake umevutwa, hata watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. (Fumo hapa ni cheo cha mtawala, mwanafunzi asilichanganye na mkuki nilioutaja juu.) Waliosimulia kisa hicho walijua silaha iliyomfaa mtu wao.

Mpwa wangu alirudi kwenye kazi yake, na maswali yakaongezeka. Mishale mikubwa, ukubwa gani? Mkuki wa Kilwa ulikuwa wa kurusha au wa kuchomea? Swali hili la pili si la mapambo. Mchezo una miondoko mbalimbali iliyokwisha kutengenezwa: mmoja wa mtu achomaye kwa mkuki, mwingine wa mtu arushaye, mwingine wa mpiga upinde, na silaha sharti ipewe mmojawapo. Mayr hasemi. Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa, fumo kwa mkuki wa bapa pana na sagai kwa mkuki mwepesi wa kurusha, lakini mtu akifungua kamusi atafute urefu wa mti wake, upana wa bapa, au namna chuma kinavyotiwa katika mti, aghalabu ataambiwa kuwa ni aina ya mkuki. Aina ya mkuki! Mtunga kamusi aliyeandika hivyo hakuuona mkuki, au aliuona akadhani kila msomaji ameuona. Ndivyo ilivyo kwa upanga wa imani, upanga wa felegi, kitara na sime. Nimewahi kuandika mafafanuzi ya namna hiyo mimi mwenyewe, na sikuona haya mpaka nilipoulizwa na mtu aliyetaka kuliumba neno.

Tulimwendea mzee mmoja jirani, mwindaji wa zamani kutoka upande wa mto Ruvuma, ambaye aliupiga upinde ujanani mwake. Kwa muda wa saa moja alitutajia mshale mzima: chembe, au kigumba, kile chuma cha mbele, wano, ule mti wake, manyoya ya nyuma na namna ya kuyafunga, upote wa upinde, na kwa nini usiloe, podo la kuchukulia, na upande linaloning'inia ili mkono usikawie. Hakueleza kwa maneno matupu. Kila alichokitaja alikionyesha kwa kipimo cha kiungo chake: shibiri, dhiraa, unene wa kidole cha shahada. Kijana alipima naye, akaandika. Mishale ya mwindaji wa juzi si lazima iwe ndiyo ya Kilwa ya mwaka 1505, nami nilimwonya. Lakini ni afadhali kuanzia kwenye mkono wa mtu kuliko kwenye picha ya studio.

Ngao ilitupeleka mbali zaidi. Tulikwenda Mikindani, kilometa 10 hivi kutoka mjini, kwa bibi mmoja asukaye mikeka, tukamweleza kwamba zamani watu wa Kilwa walijikinga kwa ngao za majani zilizofungwa kwa pamba. Nilitazamia acheke. Hakucheka. Alichukua chane za ukindu, akasuka ukili mpana wa vidole vitatu, akaukunja mara mbili, kisha akauzungusha juu yake mwenyewe kama mtu aanzaye kutengeneza kawa. Akasema kwamba ukili mmoja hauzuii kitu, bali ukizungushwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa uzi mgumu wa pamba, kisu chautafuta mwanya wala hakiupati. “Uzi ndio ngao, mwanangu,” aliniambia, “majani ni mwili wake tu.” Nikakumbuka vile vigae vya mviringo, vilivyotobolewa katikati, ambavyo Neville Chittick alivichimbua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960: ni vizito vya vijiti vya kusokotea uzi. Watu wa Kilwa walisokota pamba yao. Lile neno la Mayr, kwamba ngao zilifungwa kwa pamba, ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi kama jambo la urembo, lilikuwa ndilo siri ya ngao.

Mpwa wangu aliupiga picha ukili ule kwa simu, karibu na kwa mbali, akaugeuza kuwa picha ya kutandazwa juu ya sanamu. Sehemu hiyo ilikuwa nyepesi. Tatizo lilikuja penye maandishi. Katika faili la nguvu za vikosi, kinga ya askari huandikwa kwa tarakimu tatu, moja ya vazi, moja ya ustadi na moja ya ngao, kisha hufuata neno moja la kusema kinga yake ilie vipi inapopigwa. Maneno yanayokubaliwa ni matatu tu: nyama, ngozi, chuma. Jani halimo. Watu walioutengeneza mchezo hawakuwa na nia mbaya. Katika nchi walizozichora, askari alivaa chuma, au ngozi, au hakuvaa kitu. Lakini mtengenezaji wa modi amelazimishwa kuchagua, na wengi wangechagua ngozi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Ngao ya Kilwa ikilia ngozi, mchezaji aisikiaye huko aliko atadhani ni ngao ya ng'ombe kama zile za Wamasai, na mji wa bahari utakuwa umehamishiwa mbugani kwa neno moja.

Wako watakaosema ni mchezo tu. Nawakumbusha kwamba mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin, Baba Yetu, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka katika mchezo wa kompyuta. Nilipokuwa ng'ambo nilikutana na vijana ambao Kiswahili chote walichokijua kilitoka humo, na walikiamini. Picha ya silaha nayo itaaminiwa vivyo hivyo.

Nimeahidi kusema neno juu ya istilahi. Wenye kazi hii wanahitaji majina ya vitu vinne wanavyovishika kila siku, na kwa sasa huyachukua yote kutoka Kiingereza. Lile umbo la pembetatu napendekeza liitwe sanamu. Wengine wamelipa jina la kielelezo, lakini kielelezo ni cha kueleza, nacho chaweza kuwa mchoro bapa. Sanamu huzungukwa na kutazamwa nyuma. Nimewauliza pia wachonga vinyago wa Kimakonde wanaouza kazi zao mjini Mtwara. Walipomwona kijana akiizungusha silaha katika kioo walielewa mara moja anafanya nini, ila mmoja alisikitika kwamba mtu huyu akikosea huongeza, ambapo mwenye mpingo akikosea hana pa kuongezea. Ile picha inayotandazwa juu ya sanamu vijana wameanza kuiita ngozi, na waachwe waiite hivyo, maadamu hawaichanganyi na ngozi ya faili la kinga. Mifupa ya ndani ni kiunzi, kama cha chombo au nyumba. Na kile kitendo cha kumpa askari silaha nyingine kina neno lake la siku nyingi, nalo ni kumvisha: tulikuwa tukimvisha mtu jambia kabla kompyuta haijazaliwa.

Mwishoni mwa likizo yangu kazi ilikuwa haijaisha, lakini askari alikuwa amesimama. Ana upinde mrefu, podo begani, mkuki mmoja. Upanga wapewa mkuu wa kikosi peke yake. Kuhusu mlio wa ngao, kijana alichagua nyama, kwa hoja kwamba ni heri isikike hafifu kuliko isikike ng'ombe. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Katika faili la majina aliandika ngao_ukili, akahesabu kwa vidole, akatanguliza 10. Mchezo ukafunguka.

Siku ya pili tulimpelekea bibi wa Mikindani picha yake katika simu. Aliitazama kwa muda mrefu akiisogeza mbali na macho. Kisha akasema ngao ni nzuri, ila tumeivisha nyuma mbele: mishono ya ukili imetokeza nje, na hakuna fundi anayempa adui mshono wa kukata.